Miezi 14 na kamera ya kutegea: mbweha wa bustani ya nyuma

Mbweha ninaowazungumzia hapa ni mbweha wekundu, wale wenye mkia mnene ambao mara nyingi huishia na ncha nyeupe, na si bweha wa mbugani ambao Kiswahili huwaita kwa jina karibu lilelile. Miongoni mwa wanyama wala nyama wa porini wanaoishi nchi kavu, hakuna aliyeenea duniani kumzidi, na amezoea kuishi jirani na watu kiasi kwamba katika miji mingi ya nchi za kaskazini hupita usiku katika bustani za nyuma ya nyumba, akachakura nyungunyungu kwenye majani mafupi, akanusa kila kona na kutoweka kabla mwenye nyumba hajaamka. Anayetaka kumwona ana njia mbili: akeshe dirishani, au atege kamera. Nimefanya yote mawili, na tathmini hii inahusu kamera niliyoitega kwa muda wa miezi 14, kuanzia mwezi Novemba hadi Desemba ya mwaka uliofuata.

Jina la mtengenezaji sitalitaja. Kasoro nitakazozieleza nilizikuta pia, kwa viwango tofauti, katika kamera nyingine mbili nilizowahi kuazima, na mnunuzi atafaidika zaidi akijua sifa za kukagua kuliko akikariri nembo. Hii ni kamera ya daraja la kati: kisanduku cha plastiki chenye rangi ya gome la mti, kinachoenea katika viganja viwili, chenye safu ya taa juu, lenzi katikati na kihisi cha joto chini yake. Mlango wa mbele hufungwa kwa vibanio viwili. Ndani mna skrini ndogo, nafasi ya betri 8 za AA na ya kadi ya kumbukumbu, na nyuma kuna mkanda wa kuifungia mtini. Ukishaiwasha na kuifunga, unaondoka. Mnyama mwenye joto akipita mbele yake inaamka yenyewe, inapiga picha mnato au inarekodi video, inahifadhi na kulala tena.

Kigezo changu cha kwanza cha kupimia kamera ya namna hii si ubora wa picha. Ni kama mbweha anaitambua au haitambui. Kamera ya kwanza niliyoazima ilitumia taa za infraredi, yaani mwanga wa mawimbi marefu ambao macho yetu karibu hayauoni, za urefu wa wimbi wa nanomita 850, ambazo zikiwaka gizani huonekana hata kwa jicho la binadamu kama vidoa vyekundu hafifu, na ndani yake mlikuwa na kichujio cha mwanga kilichojisogeza kila mara ilipoanza kurekodi, kikitoa mlio mdogo kama wa kucha mbili zikigongana. Mtu aliyesimama hatua tatu tu kutoka hapo asingeusikia. Mbweha aliusikia kila mara. Katika video zote za wiki ile ya kwanza anaonekana kwa namna ileile: mguu mmoja wa mbele umeinuliwa, pua imeelekea kwenye lenzi, masikio yamesimama wima, kamera imetegwa, naye ametega masikio. Baada ya sekunde mbili au tatu hugeuka akaondoka kwa mwendo wa haraka usiofikia kukimbia. Nilipata video 19 za mbweha anayetazama kamera, na sikupata hata moja ya mbweha anayefanya shughuli zake.

Kamera ninayoitathmini hutumia taa za nanomita 940, ambazo nikiziangalia kwa karibu chumbani, taa zote zikiwa zimezimwa, sioni kitu chochote. Kichujio chake nacho hubadilika mara mbili tu kwa siku, jua linapozama na linapochomoza, hivyo katikati ya usiku hakuna kinacholia. Usiku wa nne baada ya kuitega, mbweha jike alipita umbali wa mita mbili hivi kutoka kwenye lenzi, akasimama, akajikuna ubavu kwa mguu wa nyuma kwa muda mrefu, akapiga mwayo, akaendelea na safari yake. Mwayo ule ndio ulionifanya niibakize kamera hii.

Utulivu huo una gharama, na mnunuzi aijue mapema. Vihisi vya picha huupokea mwanga wa nanomita 940 kwa udhaifu kuliko ule wa 850, kwa hiyo picha za usiku huwa na chembechembe nyingi zaidi na mwanga hauendi mbali. Boksi limeandika mita 20. Katika bustani yangu manyoya ya mbweha yanaonekana vizuri hadi mita 7 au 8; kuanzia hapo kuendelea unachokiona ni umbo la kijivu lenye macho mawili yanayong’aa, kwa sababu nyuma ya jicho la mbweha kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo. Kwa bustani ndogo hilo si tatizo. Mwenye uwanja mpana, ambaye mbweha wake hupita mbali kando ya ua, atafanya vyema kuchagua taa za 850 na kuvumilia vidoa vyekundu.

Huwa nafikiri juu ya George Shiras, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuwafanya wanyama wajipige picha wenyewe usiku, kwa kutega waya ambao mnyama akiugusa, shuta inafunguka na unga wa mwanga unalipuka. Jarida la National Geographic lilichapa picha zake 74 katika toleo la Julai 1906, na hadi leo zinapendeza. Lakini wanyama wengi katika picha za namna ile wamenaswa katika nukta ya kugutuka. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, faida kubwa ya kifaa hiki kidogo ni kwamba mnyama hagutuki.

Sasa nieleze namna kinavyofanya kazi, kwa sababu malalamiko mengi ya wanunuzi yanatokana na kutokujua hilo. Kihisi cha joto hakioni mnyama. Kinahisi joto linalohama kutoka sehemu moja ya uwanja wake kwenda nyingine. Mbweha anayekatiza mbele ya kamera hunaswa upesi, ilhali yule anayeijia moja kwa moja anaweza kufika karibu sana kabla haijaamka. Kwa hiyo kamera isielekezwe kwenye njia kwa urefu wake, bali ikae pembeni ya njia hiyo na kuitazama kwa mshazari. Siku za joto kali, hewa na ardhi zinapokaribia joto la mwili wa mnyama, uwezo wa kihisi hupungua. Alasiri kadhaa za Julai niliwaona kwa macho yangu mbweha wawili wakipita mbele ya kamera na haikurekodi hata mmoja. Kihisi hiki pia hakifanyi kazi nyuma ya kioo cha dirisha, kwa kuwa kioo huzuia miale ya joto, na taa nazo huakisiwa na kioo hichohicho zikaifunika picha kwa weupe. Anayetaka kuiweka ndani ya nyumba asiinunue.

Urefu wa kuifunga una maana kuliko nilivyodhani. Mwanzoni niliifunga usawa wa kifua changu, kama inavyoonyeshwa kwenye kijitabu cha maelekezo, nikawa napata migongo ya mbweha na masikio yao. Nilipoishusha hadi sentimita 40 kutoka ardhini, sawa na urefu wa bega la mnyama mwenyewe, picha zilibadilika kabisa: uso, kifua cheupe, miguu myeusi kama iliyovikwa soksi, vyote vikawa mahali pake. Nilifyeka majani yaliyokuwa mbele ya lenzi, kwani jani moja linalopepea juani huamsha kamera mara mia kwa siku, na niliigeuza isitazame upande wa macheo wala wa machweo. Nilihakikisha vilevile kwamba haioni uwanja wa jirani.

Kuhusu picha zenyewe, nitasema wazi kwamba tarakimu ya megapikseli iliyoandikwa kwenye boksi haifai kuaminiwa. Boksi langu linajivunia megapikseli 36. Nilipiga picha ya kisiki kilekile mchana, kwa mpangilio wa juu na kwa mpangilio wa chini, kisha nikazikuza kwenye kompyuta: faili ya kwanza ni kubwa mara kadhaa, lakini michirizi ya gome la kisiki ni ileile na ukungu wake ni uleule. Kamera za namna hii huwa na kihisi cha picha chenye pikseli chache, na programu iliyomo ndani huongeza pikseli za kubuni ili tarakimu ikue. Niliiweka kwenye mpangilio wa chini, kadi ikawa haijai haraka, na sijakosa chochote. Video kwa mchana ni safi na rangi zake ni za kweli; kwa usiku ni nyeusi na nyeupe, na sekunde ya kwanza huwa nyeupe kupita kiasi kabla mwanga haujajirekebisha. Mbweha akikaribia hadi chini ya mita moja na nusu, uso wake unapauka na kupoteza umakini, yaani ukali wa picha. Sauti inasikika vizuri usiku usio na upepo. Usiku mmoja wa Januari ilinasa ukelele wa jike, ule mkali unaokwaruza ambao asiyeujua hudhani kuna mtu anashambuliwa, na maikrofoni iliuchukua bila kupasuka.

Sifa ambayo haikuandikwa popote kwenye boksi, na ambayo kwangu ni ya pili kwa thamani baada ya ukimya, ni muda mfupi ambao kamera inauhitaji ili kuwa tayari tena baada ya kumaliza video moja. Hii inahitaji kama sekunde 3. Moja kati ya zile za kuazima ilihitaji nusu dakika na zaidi. Tofauti hiyo niliielewa katika wiki ya tatu ya Januari. Video ya kwanza ya usiku huo inamwonyesha jike akipita kwa hatua fupi, mkia ukiwa umeinuliwa kidogo. Inaisha. Video ya pili, iliyoanza sekunde 4 baadaye, inamwonyesha dume ambaye sikuwahi kumwona, mkubwa wa kichwa na shingo, akifuata mahali palepale alipokanyaga jike, akisimama kunusa kila hatua chache. Kwa kamera inayochelewa kuwa tayari ningebaki naamini kwamba bustani ina mbweha mmoja.

Tangu siku hiyo nilianza daftari la kuwatambua. Jike ana sikio la kushoto lililochanika kwenye ncha. Dume ana ncha nyeupe ndefu mkiani, kama upana wa kiganja, na alama nyeusi pembeni mwa mdomo iliyoingia juu zaidi upande wa kulia. Rangi ya manyoya haisaidii usiku kwa kuwa kila kitu ni kijivu, ila masikio, ncha ya mkia, makovu na urefu wa ile soksi nyeusi ya mguuni vinaonekana hata kwenye video mbovu. Kwa kazi hii ya kutambua, kamera inatosha kabisa, na hapa ndipo ninapoipa alama za juu.

Daftari hilo lilinionyesha mambo ambayo kwa kukesha dirishani nisingeyajua. Mimba ya mbweha huchukua siku 52 au 53, hivyo nilihesabu kutoka usiku ule wa Januari na kukisia katikati ya Machi. Wiki ya pili ya Machi jike alitoweka. Kwa siku 16 kamera haikumrekodi hata mara moja, huku dume akipita mara mbili au tatu kila usiku, kila mara akielekea upande uleule, na mara nyingi akiwa amebeba kitu mdomoni: panya, kipande cha ndege, usiku mmoja mfuko wa karatasi wenye mafuta. Jike huwa habanduki shimoni katika siku za mwanzo baada ya kuzaa, kwa kuwa watoto huzaliwa vipofu na bado hawawezi kujitunzia joto la mwili, na dume ndiye hulisha nyumba. Kusoma jambo hilo ni kitu kimoja; kumwona dume akipita na panya kila usiku, saa ikiwa imeandikwa pembeni mwa picha, ni kitu kingine. Jike aliporudi mbele ya kamera alikuwa amekonda, na manyoya ya tumboni yalikuwa yamepungua.

Kuna video moja ya sekunde 20 ambayo nimeitazama mara nyingi mno. Ni ya mwezi Aprili, saa kumi alfajiri. Jike anaingia akiwa na yai mdomoni, zima, amelishika kwa meno ya mbele kwa wepesi kiasi kwamba halijapata hata ufa. Analiweka chini kwenye udongo laini chini ya ua. Anachimba kwa miguu ya mbele, mara nane au tisa, haraka, udongo ukirukia nyuma chini ya tumbo lake. Analichukua yai, analiteremsha shimoni, halafu hatumii tena miguu: anasukuma udongo kwa pua, kutoka pande zote, polepole, na mwishoni anaupiga kwa pua hiyohiyo kama mtu anayeshindilia udongo kwenye mche. Anainua uso, pua imeshikwa na udongo, anatazama upande ambao kamera ipo lakini anatazama kupitia juu yake, kisha anaondoka. Alfajiri hiyo ilinifundisha kiasi cha kile ninachokipoteza ninapoweka video za sekunde 10. Tangu hapo naziweka za sekunde 20, na usiku mmoja wa majira ya baridi bado hautumii sehemu kubwa ya kadi.

Betri ni eneo linalohitaji uangalifu. Nilianza na za kuchaji, nikidhani ni za kubana matumizi, na taa za usiku zikawa dhaifu tangu mwanzo, kwa sababu betri hizo hutoa volti 1.2 kila moja badala ya 1.5, na kamera hii haikuzipenda. Za alkali zilianza vizuri, ila usiku wa baridi kali zilizima kabla ya alfajiri ilhali kiashiria kilisema zimebaki nusu. Za lithiamu za AA zilidumu wiki 10 bila mwanga kupungua, katika baridi ileile. Ni ghali, na baada ya kutumika zinapaswa kurudishwa mahali pa kukusanyia betri, lakini kila usiku ambao kamera imezimika ndio usiku ambao baadaye unajiuliza ni nini kilipita.

Kasoro kubwa kuliko zote ni mpira unaoziba mlango. Baada ya miezi mitano ulianza kuchomoka kwenye kona ya chini, unyevu ukaingia, na kwa siku kadhaa lenzi ilikuwa na ukungu kwa ndani hadi mchana kati. Nilipoteza wiki nzima ya Aprili. Niliwaandikia waliouza, wakajibu baada ya majuma matatu na kutuma kamera nyingine bila ubishi, ambayo mpira wake hadi sasa ni mzima; hata hivyo naupaka mafuta ya silikoni kila ninapobadilisha betri, na nimeweka ndani kifuko cha chembe za kunyonya unyevu. Saa yake huchelewa kwa dakika 4 hivi kila mwezi. Kwa anayetazama tu hilo si kitu, lakini kwa anayeandika nani alimfuata nani na kwa muda gani, inabidi kuirekebisha mara kwa mara. Skrini ya ndani ni ndogo na hafifu mno kwa kuchagua video. Nenda na kadi ya pili mfukoni, badilisha, ukatazame ndani.

Na je, kama chombo cha kupigia picha? Hapa lazima nitenganishe kutazama na kupiga picha. Kamera ya kutegea haitakupa picha ya kutundika ukutani. Lenzi yake ni pana, umakini wake hausogei, na yenyewe huchagua wakati wa kupiga bila kujali mnyama amekaaje. Picha nzuri nilizonazo nimezipiga kwa kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 300, na kwa kila moja kati ya hizo nadaiwa na kamera ya kutegea, maana ndiyo iliyoniambia lini na wapi pa kuketi.

Mwezi Mei rekodi zilianza kuonyesha watoto wanne, wakiwa na umri wa wiki nane hivi, macho yao tayari yakiwa yameacha rangi ya buluu ya utotoni na kugeuka kaharabu, manyoya ya usoni yakiwa mekundu huku ya mwilini yakibaki na hudhurungi. Waliingia kupitia uwazi chini ya ua, karibu kila jioni, kati ya saa 1:30 na saa 2:15, wakati mwanga ungali unatosha. Ningeketi kwa kubahatisha ningeweza kukesha mwezi mzima bila kupata kitu. Nilifungua dirisha la chini lote, kwa kuwa kioo hulainisha picha hata kikiwa safi, nikazima taa ya chumbani, nikaketi sakafuni ili lenzi iwe karibu na usawa wa macho yao, nikaweka shuta kwenye hali ya kimya. Siku tatu za kwanza sikupiga picha hata moja. Niliketi tu hadi wakazoea umbo langu pale dirishani. Mbweha anayetembea anahitaji kasi ya shuta ya 1/250 ya sekunde, na watoto wanaogaragazana wanahitaji 1/500 na zaidi, kwa hiyo ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, ilipanda hadi 3200 na zaidi, na chembechembe zake nilizikubali kuliko ukungu wa mwendo. Umakini niliuweka kwenye jicho lililo karibu. Flashi sikuitumia na siitumii.

Jioni ya nane, mtoto mmoja alijitenga na wenzake, akaja hadi mita tano kutoka dirishani, akaketi kwa makalio na kumtazama mbawakawa aliyekuwa akitembea kwenye jiwe. Kichwa kiliinama upande mmoja, kikainama upande wa pili. Ninazo picha 11 za dakika ile, na katika ya sita mbawakawa anaonekana akiwa taswira ndogo nyeusi ndani ya jicho lenyewe.

Kuhusu chakula, wanunuzi wengi wa kamera hizi huweka nyama mbele ya lenzi ili wapate picha haraka. Mimi siweki. Chakula cha kila usiku mahali pamoja huwakusanya wanyama ambao kwa kawaida hupishana, magonjwa yakapata njia, na mbweha aliyezoea mkono wa mtu huenda akaukimbilia mkono wa mtu asiyempenda. Badala yake nimeweka beseni pana la maji, lenye kina cha vidole vinne, ambalo nalisafisha kila asubuhi. Katika ukame wa Julai lilivuta wageni wengi kuliko ambavyo nyama ingevuta, akiwemo kalunguyeye mmoja ambaye dume alimnusa, akachomwa puani, na hakumkaribia tena.

Maji na kamera ndivyo vilivyonionyesha ugonjwa. Mwezi Septemba alianza kuja mbweha wa tatu, mgeni, na katika video ya kwanza niliona mkia wake ni mwembamba kama kamba upande wa shina. Baada ya siku sita upungufu wa manyoya ulikuwa umefika kwenye paja. Huo ni ukurutu unaosababishwa na utitiri wanaochimba ngozi, nao si ugonjwa wa kupuuzwa: uliingia kwa mbweha wa mji wa Bristol, Uingereza, mwaka 1994, na katika muda wa miaka miwili hivi zaidi ya asilimia 90 ya mbweha wa mji ule walikuwa wamekufa. Niliondoa beseni usiku huohuo ili wasikutane hapo. Nilikusanya video zake kwa tarehe na saa, nikazipeleka kwa watu wanaotibu wanyamapori, na wao, kwa kuwa waliona anafika karibu kila usiku kati ya saa 4 na saa 5 na kupitia wapi, walijua pa kuweka mtego wao wa kizimba. Alinaswa usiku wa tatu. Mwishoni mwa Oktoba walimrudisha, wakamfungulia kwenye ua uleule alioingilia, na kamera ilimrekodi akipita na mkia ambao ulikuwa umeanza kuota manyoya mafupi kama ya brashi. Kwa kazi hiyo peke yake, mpira uliochomoka na saa inayochelewa nimevisamehe.

Namshauri aichukue kamera ya aina hii yule ambaye hamu yake ni kujua mbweha wanaishije: wangapi, nani na nani, wanapita saa ngapi. Atafute taa za nanomita 940 kama bustani ni ndogo, muda mfupi wa kujiandaa kati ya video, mlango wenye mpira mnene, na asihangaike na megapikseli. Anayetaka picha za kuchapa asiinunue peke yake akitarajia itamtosheleza. Katika alama 5 naipa 4, na ile moja nimeikata kwa ajili ya ile wiki ya Aprili.

Nimeagiza ya pili ya aina hiyohiyo. Nitaifunga upande wa pili wa bustani, mkabala na uwazi wa chini ya ua, kwa sababu tangu Novemba mmoja wa wale watoto wanne, jike mwenye ncha ya mkia iliyogawanyika, hajaondoka kama wenzake, na mara mbili wiki hii amepita hapo dakika chache baada ya mama yake. Januari inakaribia, na betri mpya zimekwisha kuwekwa.